Negativu Laini ya Igoki

Wengi wenu mkifika hapa kwangu Kiritiri huwa mmeshika daftari, na swali lenu la kwanza ni la matone. Matone mangapi ya dawa ya chuma, mangapi ya paladi, mangapi ya ile dawa ya kukaza. Mnaandika mbiombio kana kwamba nitakata roho kabla ya kumaliza sentensi. Mimi huwajibu, kwa sababu mmetoka mbali na mimi nililelewa, lakini moyoni hununa. Matone ni swali la mwisho. La kwanza ni negativu. Ukiharibu negativu hakuna tone litakalokuokoa, na ninayewaambia hivyo ni mtu aliyeharibu moja tu ya maana maishani mwake.

Kwa yule ambaye hajawahi kuona kazi hii, ni hivi. Unachanganya dawa ya chuma na dawa ya paladi, ambayo ni madini ghali ndugu yake platini, unaipaka kwa brashi kwenye karatasi ya pamba, unaiacha ikauke. Juu yake unalaza negativu, ile filamu ambamo cheupe huonekana cheusi na cheusi huonekana cheupe. Unabana vyote chini ya kioo na kuvitoa juani. Hakuna kukuza, picha huwa na ukubwa uleule wa negativu. Ukishaiosha, madini hubaki ndani ya karatasi, na picha haitapauka mpaka karatasi yenyewe ioze. Ndiyo maana tuliipenda.

Lakini paladi ina tabia yake. Karatasi za dukani, zile za zamani zenye madini ya fedha, zilikuja na namba. Kama negativu yako ni laini, yaani weusi na weupe wake haviachani sana, ulichukua karatasi ya namba ngumu, ikakufichia aibu. Paladi haina namba. Inataka negativu ngumu, iliyokaa kwenye dawa muda mrefu mpaka sehemu zake nyeusi zikawa nyeusi kwelikweli. Ukiipa laini inakurudishia kijivu kitupu, uso kijivu, nguo kijivu, mbingu kijivu, kama asubuhi ya Julai pale Meru.

Jinsi ya kujua ni rahisi. Laza negativu juu ya gazeti na utazame mahali palipo peusi zaidi. Ukiweza kusoma herufi kupitia hapo, hiyo ni ya karatasi ya dukani. Herufi zikipotea, hiyo ni ya paladi. Sista Agnese, aliyenifundisha, alitumia ukurasa wa matangazo ya vifo kwa sababu ndio uliokuwa na herufi ndogo zaidi. Sikuona ubaya wowote wakati huo.

Sasa mtaniuliza, kama ilikuwa rahisi hivyo, nilikosea wapi. Nilikosea Majengo, Meru, miaka mingi kabla ya kumjua Sista.

Nilikuwa kijana wa Kimbeere niliyetoka kwenye joto la hapa Kiritiri nikaingia mji wa baridi, nikaajiriwa na Mzee Shaban, mwenye studio karibu na bucha za Majengo. Alikuwa mtu wa kofia safi na mdomo mkali. Kazi yetu ilikuwa picha za vitambulisho, harusi, na watoto wa kuketishwa juu ya meza yenye kitambaa. Maji ya Meru ni baridi, na dawa ikiwa baridi inafanya kazi kivivu. Siku moja nilikuwa na filamu za harusi ya watu wa Nkubu. Nikajiona mjanja, nikaweka mkebe wa dawa kando ya jiko ili ipate moto kidogo, kisha nikatoka nje kubishana na jirani kuhusu mpira. Niliporudi dawa ilikuwa na moto wa maji ya kuogeshea mtoto. Filamu zilitoka ngumu kama mkaa. Tulipozichapa, gauni la bibi harusi lilikuwa jeupe tupu, bila ua wala mkunjo, na juu yake kulikuwa na uso mweusi usio na macho.

Mzee Shaban hakunifuta kazi. Alifanya kibaya zaidi, alinituma nikazipeleke mwenyewe. Baba wa bwana harusi alizitazama moja baada ya nyingine, akaniuliza kwa upole, "Kijana, huyu msichana alikuja na uso. Tulimwona sisi wote. Umeupeleka wapi?"

Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilirudi Majengo nikiwa nimelowa jasho kwenye baridi ile. Mzee Shaban akanikalisha chini. "Sikiliza, Njue. Wateja wetu ni weusi na nguo zao za sherehe ni nyeupe. Ukiona kitambaa cheupe, toa filamu mapema. Bora iwe laini, karatasi itakusaidia. Ukiiunguza, hata mimi sitakusaidia."

Kwa kazi yake alikuwa sahihi kabisa. Tangu siku hiyo mkono wangu ukawa na woga wa nguo nyeupe. Kichwa hujifunza na kusahau, lakini mkono ukishaogopa umeogopa.

Sista Agnese alinichukua baada ya studio kufungwa, Mzee Shaban alipozeeka na macho yakamkataa. Sista alikuwa Mwitaliano mfupi, mwenye hasira za karibu, na Kimeru chake kilikuwa kizuri kuliko changu, jambo ambalo hakuacha kunikumbusha. Alikuwa ameamua kuwapiga picha wazee wote wa vijiji vilivyozunguka misheni na kuwachapa kwa paladi. Alisema picha za fedha zinaliwa na unyevu, na yeye hataki wajukuu waje kurithi madoa. Negativu ya kwanza niliyomsafishia, kusafisha maana yake kuitia filamu kwenye dawa mpaka picha ijitokeze, aliinua dirishani, akanirudishia.

"Njue, huu ni uji wa mgonjwa."

"Sista, huyo mzee amevaa shati nyeupe."

"Na wewe ukaogopa shati! Rudi. Dakika tano zaidi."

Nilirudi mara nyingi sana. Alinifundisha kwamba kivuli hupatikana kwenye kamera. Usipompa mwanga wa kutosha wakati wa kupiga, kivuli hakitakuwemo, hata uisafishe siku nzima. Weupe nao hupatikana kwenye dawa, kwa kungoja. Na alinifundisha namna ya kuisoma negativu. Watu wote huanza na uso, alisema, kwa sababu sisi ni binadamu. Wewe anza mahali palipo wazi, pale filamu inapokaribia kuwa kioo kitupu. Hapo ndipo kuna kivuli, na ukiona kitu hapo, hata kidogo, umefaulu. Niliitikia ndiyo Sista, halafu nikaendelea kuanza na uso.

Fremu zetu, zile za kubania karatasi chini ya kioo, tulizipanga juu ya tangi la maji. Januari zilichukua dakika kumi. Julai, mawingu yakikaa juu ya mji, fremu ilikaa nje kutoka chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Sista alikaa pembeni kuzilinda dhidi ya kuku, akihesabu muda kwa rozari, na alisema kwamba Julai ya Meru imemfanya mtakatifu bila yeye kutaka. Nilicheka sana na yule mama. Nasema hivyo ili msidhani kwamba nilikaa Meru kwa kulazimishwa. Nilikaa kwa sababu niliipenda kazi.

Mke wangu alibaki hapa Kiritiri na watoto, mbuzi na shamba la ndengu. Jina lake Igoki. Nilikuja nyumbani Jumapili moja kwa mwezi, wakati mwingine nikaikosa hiyo moja.

Barua ilipofika kwamba Sista anarudishwa kwao Italia kwa sababu ya umri, tulibakiwa na miezi michache na wazee wengi ambao hatujawachapa. Tukafanya kazi kama watu wanaookoa mavuno mvua ikinyesha. Katika miezi hiyo, Jumapili moja, Sista alinipa kamera kubwa na filamu moja. Moja, kwa sababu hata filamu zilikuwa zinaisha. "Umewapiga wazee wa watu wote," akaniambia. "Kampige mama wa watoto wako."

Igoki hakupenda picha. Siku hiyo alikuwa ametoka kanisani, na kitambaa cheupe cha akina mama kichwani. Nilimketisha hapo kibarazani, kwenye kivuli, na leso mabegani kwa sababu alisema anasikia baridi. Kiritiri, saa saba mchana, baridi. Nikamtania kwamba amegeuka Mmeru.

"Harakisha, Baba Wawira," akasema. "Hizo mbuzi hazijakunywa maji."

"Mbuzi zitakunywa. Tulia. Usipumue."

Nilifungua lenzi, nikahesabu sekunde nne polepole, nikafunga. Hakutikisika hata unywele.

"Sasa naweza kupumua?"

"Bado!" nikasema nikicheka, na hakukuwa na sababu yoyote, nilikuwa tu nafurahi. Nikachukua muda wangu kufunika filamu. Kisha nikamwambia, "Mama Wawira, umetulia kuliko wazee wote wa Sista."

Jioni hiyo hiyo niliisafisha filamu katika chumba cha nyuma, badala ya kungoja nirudi Meru. Na hapa ndipo pa kusikiliza, nyinyi wa daftari. Maji ya Kiritiri ni moto. Kwa dakika zilezile za Meru, yangenipa negativu ngumu, ngumu hasa, inayofaa paladi kuliko yoyote niliyowahi kusafisha misheni. Kiritiri nzima ilikuwa upande wangu. Lakini nilikumbuka uso mweusi na kitambaa cheupe. Nikamkumbuka yule msichana wa Nkubu. Mkono ukaingia kwenye dawa wenyewe na kuitoa filamu kabla ya wakati.

Ilitoka laini. Nililijua hilo mara moja, wala sikujali. Nilikuwa na karatasi za dukani za namba ngumu, nikachapa nakala moja ili Igoki aione kabla sijaondoka. Uso ulitoka vizuri. Leso na yote yaliyokuwa kivulini yakawa weusi mtupu, kama karatasi ngumu inavyofanya. Alijitazama, akacheka, akasema nimempunguzia miaka. Nikamwambia hii ni ya haraka haraka, ile ya paladi nitakupiga nyingine, Sista akishaondoka nitakuwa na wakati wote.

Sista aliondoka. Igoki akalazwa hospitali Embu mwezi uliofuata. Ugonjwa ulikuwa tumboni, umeshasambaa, na daktari aliuliza kwa nini tumechelewa hivyo. Nikamjibu kwa ukali kwamba hatukuchelewa, mke wangu hakuwa mgonjwa. Tulimzika kabla ya mvua za mwaka huo.

Picha ile ya haraka haraka ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza, na ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Na ndiyo iliyoanza kugeuka. Picha ya fedha inataka kuoshwa kwa maji mengi, ya kutiririka, na mimi niliichapa hapa, ambapo maji yanakuja kwa mtungi mgongoni. Niliiosha kwa beseni mbili nikaona inatosha. Nilikuwa nimefanya kazi hii miaka yote hiyo na nilijua haitoshi. Ikaanza na doa la njano shavuni. Halafu kahawia. Kila mwaka nilimwona anarudi nyuma.

Sista alikuwa ameniachia chupa ndogo ya paladi, ya kutosha karatasi tatu. Nikaipima negativu kwenye gazeti, kwenye ukurasa uleule wa vifo, na nikasoma majina yote ya marehemu kupitia kitambaa cha mke wangu, na jina la kanisa, na saa ya mazishi. Nilijua jibu. Hata hivyo nikachapa. Karatasi ya kwanza ikatoka kijivu, nikashindwa hata kuona alikuwa anacheka au la. Ya pili nikatia matone ya ile dawa ya kukaza, inayoachanisha weusi na weupe, mengi kupita kiasi, maana nilikuwa na hasira. Uso ukavunjika chengachenga. Ipo dawa ya kuiongezea nguvu negativu yenyewe, lakini inaweza pia kuifuta, na nyingine sikuwa nayo. Nikaiweka chupa kabatini pamoja na kitambaa chake cha kanisa. Sikuigusa kwa miaka.

Binti yangu Wawira ana duka mjini Embu. Anatengeneza vijitabu vya mazishi na kuchapa fulana za kampeni. Mwaka jana alikuja kunitembelea, akasimama sebuleni bila hata kutua mkoba.

"Baba, Mum anapotea kwa ukuta."

"Naona."

"Na negativu iko?"

Nikamwonyesha. Akaiinua dirishani, na vile alivyoishika kwa kingo nikamkumbuka Sista. "Ni laini, lakini haijapoteza kitu, Baba. Kila kitu kiko ndani. Naipiga picha, naikaza kwa kompyuta, halafu nakuprintia ingine kwa ile plastiki wazi ya kuchapia fulana. Ni kazi ya dakika kumi."

Nilimwambia asinidanganye. Wiki iliyofuata akaja nayo, plastiki ya ukubwa uleule. Nikailaza juu ya gazeti. Herufi zikapotea. Nilitumia nusu ya maisha yangu kuutafuta ugumu ule kwenye beseni za maji baridi, na mashine ilikuwa imeupata kabla chai haijapoa. Niliona wivu, sitawaficha. Halafu wivu ukaisha, nikaenda kuchukua chupa.

Karatasi ya mwisho niliishika juu ya mvuke wa sufuria, kwa maana hewa ya hapa ni kavu mno na paladi inataka unyevu kidogo. Nilipaka dawa taratibu, Wawira akishikilia kona ili nisiteleze. Tukaitoa saa nne, jua la Mbeere likiwa safi, dakika saba. Kisha ndani. Picha ya paladi haiji polepole kama ile ya fedha. Ukimwaga dawa inakuja yote kwa mara moja, kama mtu aliyefungua mlango.

Alikuja Igoki. Kitambaa kilikuwa cheupe na kila mkunjo wake upo. Macho yapo. Nililia, na Wawira akalia, tukasimama hapo kama wajinga na dawa ikitudondoka mikononi. Nikaiosha kwa maji ya ndimu, nikaiosha tena, safari hii kwa maji yote ya siku mbili.

Ilipokuwa bado mbichi kwenye kioo, nikaitazama kama mtu wa kazi, na kwa mara ya kwanza nikaanza pale Sista aliponiambia nianze. Kivulini. Paladi hubeba kivuli kirefu ambacho karatasi ngumu hukikata. Chini ya leso, pale ambapo kwenye picha ya sebuleni pamekuwa peusi miaka hii yote, palikuwa na mkono wake. Ulikuwa umelishika tumbo, upande wa kulia. Vidole vilikuwa vimezama kwenye nguo, na nguo imekusanywa ngumini.

"Ameshika hapo," nikasema.

Wawira akainama. Hakushangaa. "Si alikuwa anashika hapo kila wakati. Hata akiokota ndengu." Akanitazama. "Baba, hukuwa unajua?"

Nikainama nami, nikavitazama vidole vile tena.

"Alituambia tusikusumbue mpaka Sista aende. Alisema ukijua utaacha kazi ya wazee katikati, na utakuwa na uchungu."

Ningeiacha? Ninapenda kuwaambia kwamba ningepanda gari siku hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba sijui. Nilikuwa nahesabu wazee waliobaki, na huyu hakuwa kwenye orodha. Na kile mkono wake ulichoshika kilikuwemo kwenye negativu tangu jioni ile niliyoitoa majini. Niliiinua dirishani, nikatazama uso, nikaona umetoka vizuri, nikaridhika.

Wawira alitaka tuitundike sebuleni mahali pa ile ya zamani. Nilikataa, naye hakuniuliza. Ile ya kahawia bado iko ukutani, mtaiona mkiingia. Ya paladi ninayo chumbani, ndani ya kabati, na huitoa asubuhi kabla sijafanya jambo lolote.

Kwa hivyo andikeni matone, nimewapa. Andikeni gazeti, mvuke, na maji ya kutosha. Halafu wekeni kalamu chini. Mtu akikaa mbele ya kamera yako na kukuuliza kama sasa anaweza kupumua, mwambie ndiyo. Mimi nilimwambia bado, naye akavumilia.